Wazee Walipohama Barazani Kwetu

Shangazi yangu wa Mombasa anaamini natengeneza feni. Nimemweleza kwa simu na ana kwa ana kwamba mimi ni mhandisi wa mitambo, nachora mifumo ya kupoza vituo vya data, yale majengo yenye kompyuta kubwa ambako hata picha za harusi anazonitumia hupitia. Hunisikiliza hadi mwisho, kisha husema, "Basi ndiyo hizo feni." Siku hizi namwachia. Ukitazama vizuri, hajakosea sana. Kompyuta zikifanya kazi hutoa joto, joto lisipoondolewa zinakufa, na mimi ndiye wa kuliondoa. Yaliyobaki ni hesabu na ubishi.

Kazi niliipata baada ya kumaliza chuo na kuchoka kuulizwa uzoefu na watu wasiotaka kunipa pa kuupatia. Kampuni haina ofisi Kampala. Iko Ulaya, kwenye mji ambao mvua zake nazijua kuliko barabara zake, na wakati ule ilikuwa inachora kituo cha kujengwa nje ya jiji, upande wa barabara ya Jinja. Walitaka mhandisi chipukizi aliye hapahapa, afanye kazi nyumbani, na siku ikihitajika aende kwenye kiwanja. Mahojiano yalikuwa ya kwenye skrini. Nilipoambiwa nimechukuliwa hapakuwa na mtu wa kupeana naye mkono. Nilifunga kompyuta, nikamwita baba kwa sauti iliyomfanya apande ngazi na goti lake bovu akidhani kuna nyoka.

Nyumbani tuko wawili tu. Mama alifariki nikiwa chuoni, kaka zangu mmoja yuko Mombasa na mwingine Doha, na nyumba yetu ya Old Kampala, aliyoinunua babu kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama, ina vyumba vingi kuliko watu. Chumba cha mbele chini tumempangisha fundi cherehani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Baba alikuwa na duka la jumla kwenye soko la Kikuubo mpaka goti lilipomshinda, akaliuza. Siku ile ya habari alisahau goti. Alitoa masanduku yote kwenye chumba cha juu kinachotazama barabara, kisha akateremka Kikuubo kwa wenzake wa zamani na kurudi na kiti cha ofisi kinachozunguka, kimefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Jioni akawatangazia wazee wake kwamba mwanawe sasa ni injinia wa kompyuta za dunia nzima. Niliyasikia dirishani. Nilitaka kushuka nimsahihishe, ila nilikuwa nacheka mno.

Hao wazee lazima niwaeleze. Ukutani mwa nyumba yetu, upande wa barabara, kuna baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa. Kila siku baada ya swala ya alasiri walikuwa wakiteremka kutoka msikiti mkubwa na kuketi hapo: mwalimu wa chuo cha Kurani, muuza spea, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha kambini, na wengine wa kuja na kuondoka. Baba alitoa birika la kahawa chungu, vikombe vidogo visivyo na mkono, tende zikipatikana. Halafu waliongea. Waliongea juu ya mpira wa Uingereza, bei ya sukari, nani anaumwa, nani ameoa tena kwa siri na siri imefikaje kwao. Kutulia hawakujua. Mimi nimekulia juu ya kelele ile. Nimeifanyia hesabu za shule ya msingi, nimeifanyia mtihani wa kidato cha nne, na siku ya msiba wa mama ndiyo siku pekee niliyowahi kuisikia ikinyamaza.

Na chumba changu kipya kilikuwa juu ya baraza hiyohiyo.

Kazi yenyewe nilidhani ingekuwa ya watu. Jengo moja linachorwa na wengi: wa nguzo na zege, wa umeme, wa zimamoto, na sisi wa kupoza. Wote wanachora ndani ya mchoro mmoja mkubwa wa kompyuta, kila mmoja kutoka alipo, na programu hupita humo kutafuta mahali ambapo vitu viwili vimewekwa sehemu moja. Bomba langu la maji baridi likipita katikati ya mhimili wa mtu, huo ni mgongano. Mgongano unatumwa kwa mwenyewe ukiwa na maelezo mafupi, mwenyewe anahamisha kitu chake au anakataa, anajibu kwa maneno machache, na unafungwa. Ndivyo tulivyojuana. Niliwajua watu kwa herufi mbili za majina yao na rangi ya mabomba yao. Kuna mmoja wa zimamoto niligombana naye juu ya upana wa kiganja cha nafasi darini, tukavutana hadi nikawa namwota, na mpaka leo sijui ni mwanamume au mwanamke. Aliposhindwa aliandika "Nimehamisha." Nilizunguka na kiti changu nitafute wa kumsimulia. Kulikuwa na kabati.

Mkuu wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeanza kila mkutano kwa kuniuliza hali ya hewa. Mkutano ulikuwa saa kumi alasiri, wao wakiwa ndiyo kwanza wametoka kula mchana. Kamera tulizima kwa ajili ya mtandao. Kwa hiyo nilikaa mbele ya viboksi vyeusi vyenye herufi, nikiwaambia viboksi kwamba Kampala kuna jua, au kuna mvua, kisha tunaanza.

Juma la kwanza nilivaa kana kwamba natoka, viatu na vyote. Baadaye blauzi tu na chini kanga. Baadaye nikaacha hata kujitazama. Wenzangu wa chuo, ambao tulikuwa tukibanana kwenye karakana mikono imejaa grisi, walikuwa wametawanyika, mmoja kwenye barabara za kaskazini, mwingine Nairobi, mwingine anauza solar. Tulitumiana picha za kofia zao za ujenzi. Mimi sikuwa na kofia. Kwenye jedwali langu la joto kulikuwa na safu ya kuandika watu, kwa sababu binadamu naye hutoa joto na lazima ahesabiwe, na kwenye ukumbi wa mashine unaandika sifuri, maana humo haishi mtu. Niliandika sifuri ukumbi baada ya ukumbi. Ilinichukua muda kukubali kwamba kilichokuwa kinanisumbua ni upweke. Nilikuwa nakiita uchovu, nikanunua vitamini.

Katikati ya hayo, saa kumi inagonga, na chini ya dirisha wazee wanaanza. Walinikera, nisiseme uongo. Nilifunga dirisha, chumba kikawa tanuri, nikafungua tena. Lakini maiki yangu kwenye mikutano ilikuwa imezimwa muda mwingi, kwa sababu mchanga kazini hana la kusema, na sikio moja likiwa kwa viboksi, jingine lilikuwa barazani. Nikajua mwalimu ana mgeni kutoka Lamu. Nikajua muuza spea amemnyima mtu mkopo na anajutia. Baba alipanda mara moja katikati ya maongezi kuniletea kikombe cha kahawa, akakiweka karibu na mkono wangu bila neno, akashuka. Kazi ilipoisha nilikuwa nashuka kuwaamkia wote kwa pamoja, "Shikamooni," na wao wanaitikia kila mmoja kwa wakati wake, na kunidai nieleze leo nimepoza nini.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya msimu wa nsenene, wale panzi wa kukaanga ambao Kampala nzima huwa inawatafuna. Nilikuwa nawasilisha kwa mara ya kwanza. Mkuu wangu alinipa nieleze paa: mitambo ya kutupa joto nje ikae wapi, hewa iingie upande gani, fundi apite wapi akija kuitengeneza. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Maiki ilikuwa wazi kwa kuwa mimi ndiye msemaji. Nikiwa katikati, mwanajeshi mstaafu akanguruma chini ya dirisha.

"Wewe mwarimu hapana jua nsenene. Mimi nakula nsenene toka kambini. Unaweka mafuta ya nini? Iko na mafuta yake."

Wazee wakaangua kicheko, kile cha kupiga mapaja. Kisha mkuu wangu akauliza, kwa upole wake wote, kama kwetu kuna sherehe. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, viboksi vyote vikacheka, na mimi nikacheka nao.

"Ni baba yangu na marafiki zake," nikasema kwa Kiingereza. "Samahani sana. Nitazungumza nao."

Sikuwa na nia ya kuzungumza na mtu. Yalikuwa maneno ya kuvukia, ya kunitoa pale niliponasa. Nilifunga dirisha nikaendelea, na wakasema nimeeleza vizuri. Nilipofungua mlango baadaye nikakuta sakafuni kikombe cha kahawa kimefunikwa kwa kisahani. Kilikuwa kimepoa. Nikakinywa hivyohivyo, nikashuka, wazee walikuwa wameshaondoka. Baba alikuwa anasuuza vikombe. Aliniuliza kazi imeendaje, nikasema imeenda vizuri, akasema alhamdulillahi.

Kesho yake saa kumi ilikuwa kimya. Nilidhani kuna maziko. Kesho kutwa kimya. Na niseme ukweli tena: nilifurahi. Nilimaliza hesabu za pampu zilizokuwa zimenishinda. Nilifungua dirisha, upepo ukaingia, nikasikia watu wa mbali, Ulaya, wakipumua kwenye maiki zao. Nikajiambia labda wazee wamegombana juu ya nsenene, watapatana.

Hawakurudi. Baba akitoka msikitini alianza kupita nyumbani mara moja tu, kisha kutoka tena, arudi magharibi au baada yake. Redio yake ya taarifa ya habari ikahamia chumbani kwake, sauti chini kabisa. Akawa anatembea nyumbani bila ndala. Siku moja niligeuka nikamkuta amesimama kwenye korido ameshika ndala mkononi mwake mwenyewe, ndani ya nyumba aliyokulia, nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, sakafu inampoza miguu. Kahawa ilikuja kwenye chupa ya chai, inaachwa mlangoni, na mimi simsikii akiiweka.

Nyumba ikawa kimya kimoja cha ajabu. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyekuwa na sauti, ile tikitiki ya mashine yake, na hata yeye nikaona ameweka gunia chini ya miguu ya cherehani. Wakati huohuo mkuu wangu alinipa kazi mpya: nihesabu kelele. Mitambo ya paa ina mafeni, mafeni yananguruma, na lazima tuthibitishe kwamba jirani wa kiwanja hasumbuki. Jirani kwenye mchoro ni mstari mwekundu wenye mkatomkato. Nilikaa na mstari ule siku nyingi, nikipunguza mwendo wa feni, nikiongeza ukuta wa kuzuia sauti, mpaka nikaandika kwa fahari kwamba jirani akiwa dirishani kwake hatasikia zaidi ya watu wawili wanaoongea. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye sentensi hiyo nilisikia jokofu la jikoni, ghorofa ya chini, likiwaka. Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, mkono bado uko kwenye kipanya.

Nilimfuata fundi cherehani siku iliyofuata, nikajifanya napeleka gauni la kupunguzwa kiuno.

"Wazee wamepatwa na nini?" nikamuuliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Dada, weye hujue? Baba yako ndiye aliwaambia. Alisema mtoto anafanyaka kazi na wazungu, makelele hapana. Hata miye aliniletea hii gunia."

"Wanakaa wapi sasa?"

"Kule chini, nyuma ya shule, kwa ule mzee wa spea. Eko na veranda." Akachukua gauni, akalipima kwa macho. "Sasa kazi yako inaendaka muzuri, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Nilimwachia gauni ambalo halikuwa na kosa lolote.

Usiku wa siku hiyo nikamwambia baba, tukiwa tunakula, kwamba wazee warudi. Mimi si mtu wa kuzunguka. Nilisema, "Baba, mimi sikuwafukuza. Waambie warudi barazani."

"Nani amesema wamefukuzwa," alisema. "Wako vizuri kule."

"Hapa ni kwao."

"Hapa ni kazini kwako." Akanisogezea kipande cha samaki alichokuwa amekitoa miiba. "Kwanza kuna ule muda wa majaribio. Ukipita, tutaona."

Ikanipanda hasira, na hasira yangu huwa haina adabu ya kuchagua maneno, kwa hiyo nikala samaki. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara: usiguse mizani kabla ya kumaliza kupima. Basi nikaingoja barua ya kuthibitishwa kazini kwa sababu moja ambayo kampuni haikuweza kuijua. Nilitaka wazee wangu. Nilirekebisha migongano ya watu ambayo haikuwa hata yangu. Nilikubali mtu wa zimamoto apite anapotaka. Nilikwenda kwenye kiwanja siku waliyoniagiza, nikapewa kofia hatimaye, nikasimama kwenye udongo mwekundu ambako siku moja patakuwa na ukumbi wangu wa sifuri, na msimamizi wa ujenzi akaniuliza kama nimekuja na mtu. Nikasema niko peke yangu. Akauliza mhandisi mwenyewe atafika saa ngapi. Nilimwonyesha mchoro wenye herufi zangu, akaomba radhi, akanipa soda. Kurudi nyumbani na hadithi nzuri hivyo na kukuta korido tupu ni jambo ambalo bado linaniuma nikilikumbuka.

Barua ilifika wakati wa mkutano. Mkuu wangu aliniambia nibaki wengine wakitoka, kisha akawasha kamera yake, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake mubashara, mwembamba, wenye nywele za mvi, na nyuma yake dirisha lenye mvua. Akasema wameridhika na mimi, nimethibitishwa, barua iko kwenye barua pepe. Nami nikawasha ya kwangu. Tulitazamana kama watu wawili kwenye lifti. Akanipongeza, akaniuliza Kampala kukoje, nikasema kuna jua. Akazima.

Nilishuka ngazi. Barazani hapakuwa na mtu, kulikuwa na karatasi za maandazi zilizoletwa na upepo. Fundi cherehani alikuwa ameenda kwenye maombi, ameacha kufuli. Nilisimama pale mlangoni na habari yangu, bodaboda zikipita, nikatafuta uso wowote nimwambie. Mwenye kibanda cha muda wa maongezi alidhani nataka vocha.

Nikarudi juu, nikavaa viatu, nikajitanda mtandio, nikateremka mlima.

Kwa mila ya kwetu msichana haendi kuketi kwenye baraza ya wazee, na mimi sikuwa naenda kuketi. Nilikuwa naenda kuwachukua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nimepita, majaribio yamekwisha, birika liko jikoni, twendeni. Nilipinda nyuma ya shule na kabla sijaona nyumba nikasikia sauti ya mtangazaji wa mpira. Veranda ya muuza spea ina paa na viti vya plastiki, na televisheni imetolewa dirishani ikawatazama. Walikuwa wote pale. Baba alikuwa kwenye kiti cha mwisho, pembeni, hakutazama skrini. Alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Hodi," nikasema. "Shikamooni."

Waliitikia, na walivyoitikia ndivyo vilivyonimaliza nguvu. Waliitikia chinichini. Muuza spea akanyoosha mkono haraka akapunguza sauti ya televisheni. Mwalimu akakunja miguu. Mwanajeshi mstaafu, ambaye amenitania tangu ninanyonya kidole, alisimama.

"Injinia," alisema kwa sauti ya mtu aliye hospitalini. "Nnyabo, mama, kuna shida? Kerere yetu nafika mpaka juu?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Nimekuja kuwaambia kazi nimethibitishwa."

Wakafurahi. Walifurahi kwa kweli, nyuso zilionyesha, lakini kwa kunong'ona. Mwalimu akaniombea dua fupi, wakaitikia amina kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Nikawaambia basi warudi, baraza ni yao, mimi sasa sina wasiwasi. Wakatazamana.

"Kale, haya, tutakuja," alisema mwanajeshi. "Lakini hapa iko kivuli. Iko televisheni. Mguu ya mwarimu hapana taka tena ile mlima."

"Tutakuja siku moja moja," akasema muuza spea.

Nami nilijua, kama ninavyojua mtu wa zimamoto akiandika "tutaangalia," kwamba lile jambo limefungwa. Nikawashukuru. Baba akainuka, akaaga, tukatoka pamoja, na hatujafika kona televisheni ikapandishwa sauti.

Tulipanda polepole kwa sababu ya goti. Adhana ya magharibi ilikuwa bado. Nilikuwa na uchungu, nikashindwa kuumeza.

"Umewahamisha wewe," nikamwambia. "Hukuniuliza."

"Nilikusikia ukiwaambia wenzako utazungumza nasi," alisema. "Nilikuwa mlangoni na kahawa. Nikaona nikutangulie, usije ukaona haya kumwambia baba yako."

"Nisingekwambia. Nilisema tu."

Akaitikia kwa kichwa, akapumzika kidogo akiwa ameshika ukuta wa watu. "Halafu nikaona imekuwa heri. Kila nikikuletea kahawa kabla ya kwenda kwa wenzangu nasimama mlangoni kwako. Nasikia mnacheka humo. Nasema moyoni, mtoto amepata watu wake. Tangu mama yako afariki nilikuwa naogopa kwamba utaishi na kikongwe na rafiki zake. Basi nikasema nikupishe."

Nilisimama katikati ya njia. Bodaboda ikanikwepa ikanitukana.

"Baba, wale watu siwajui hata sura. Leo ndiyo nimemwona mmoja. Nikizima kompyuta hakuna anayejua kama nipo au sipo. Saa kumi nilikuwa nawasikiliza nyinyi."

"Lakini unacheka. Nakusikia mwenyewe."

"Nacheka kwa sababu wao wanacheka. Hata sijui mara nyingine wanacheka nini."

Alitoa leso, akajifuta shingo, akaikunja vizuri akairudisha mfukoni, na muda wote huo alikuwa anatazama chini, kule tulikotoka.

"Mpira mimi siujui, unajua," alisema. "Kule wanatazama tu, haongei mtu. Mimi huwa naangalia saa mpaka ufike muda wako wa kumaliza, nirudi nyumbani. Wakicheka, nami nacheka."

Akanishika mkono, tukaendelea kupanda.